Nukta za Buluu kwenye Injini ya Baba

Harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganyika na dizeli hunikamata popote ninapokutana nayo, na kila mara hunirudisha kwenye uwanja wetu wa Mlali, nyuma ya nyumba, pale milima ya Uluguru inapoanza kupanda na ukungu wa asubuhi unapochelewa kuondoka. Msimu huo nilikuwa na miaka kumi na moja. Kabichi zilikuwa zimefunga vizuri shambani, lakini pikapu ya baba iliyokuwa ikizipeleka mjini Morogoro ilikuwa imesimama juu ya matofali, boneti wazi, ndani hamna kitu. Injini ya zamani ilikuwa imekufa njiani ikiwa na mzigo. Baba akaenda Dar es Salaam, akarudi na injini nyingine ya mtumba juu ya lori la watu, naye mwenyewe kaikalia njia nzima ili asije mtu akaibadilisha. Alipotusimulia hivyo hakuwa anatania hata kidogo.

Baba hakuwa mtu mbaya, ila alizaliwa na wasiwasi. Alihesabu mayai ya kuku kabla ya kwenda kuswali alfajiri, na akirudi aliyahesabu tena. Fundi wa kufunga injini alikuwa Mjomba Kondo, mdogo wake mama, kijana mpole aliyekuwa ameanza gereji yake ndogo mjini na bado alikuwa akijitafutia jina kwa wateja. Mama ndiye aliyempendekeza. Baba angependa zaidi fundi mgeni, maana mgeni unaweza kumfokea yakaisha, lakini shemeji utakutana naye kwenye kila msiba. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba kazi ifanyike hapo hapo nyumbani, mbele ya macho yake. Halafu akaniita pembeni, akanipa kopo la rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka milango, pamoja na brashi nyembamba. Kwetu mwenye gari hamwachii fundi kitu bila kukitia alama, kwa sababu kila mtu anayo hadithi ya binamu yake aliyepeleka gari zima gereji akarudishiwa lenye vifaa vya magari marehemu. "Weka nukta kila mahali," baba alininong'oneza. "Hawa mafundi wanachomoa kizima wanakuwekea kibovu, na wewe unawashukuru."

Niliifanya kazi ile kwa moyo wote. Nilipaka nukta kwenye betri, kwenye stata, kwenye pampu, kwenye kila nati iliyonitazama. Mjomba aliona nukta zinavyozidi, akatabasamu kidogo, akaendelea na kazi. Jioni ya siku ya kwanza, injini ikiwa bado chini, alichukua msasa akasugua sehemu moja ya bodi, ukutani kabisa mwa chumba cha injini, mpaka chuma kikang'aa. Alipokwenda kunawa nilichungulia, nikaona chuma kisafi kisicho na alama yoyote. Kwa akili yangu, kitu kilichosafishwa kiasi kile lazima kilikuwa cha thamani, na cha thamani ndicho kinachoibwa. Pale sikuishia kwenye nukta. Nilipaka pote, na tundu la bolti nikalijaza, na kichwa cha waya mnene uliokuwa unaning'inia karibu nacho nikakipaka pande zote mbili. Nilijisikia mlinzi hodari.

Ijumaa asubuhi injini ilinyanyuliwa kwa winchi ya mnyororo, ikateremshwa mahali pake. Mjomba alipenyeza mkono nyuma yake, sehemu ambayo jicho halifiki tena, akafunga ule waya mnene kwa kupapasa tu. Baada ya sala ya Ijumaa majirani walijaa uwanjani kuja kusikia sauti ya injini mpya. Mjomba akakaa nyuma ya usukani, akazungusha ufunguo. Ikalia "ta!" mara moja, taa za dashibodi zikafifia, kimya. Akarudia, "ta!" Tukasukuma, haikushika. Mzee mmoja jirani akaleta betri ya trekta yake, ikafungwa, na bado tukapata "ta!" ile ile. Mara ya nne ukatoka moshi mwembamba kwenye waya wa akseleta, ule unaoshuka kwenye pedeli ya mafuta, na harufu ya plastiki inayoungua ikatufukuza sote. Mjomba alisimama akiutazama waya ule kwa muda mrefu, kwa sababu si waya wa umeme na haukuwa na sababu ya kupata moto. Baba naye alisimama, lakini yeye alikuwa anamtazama mjomba.

Jumamosi mjomba aliishusha stata, ile mota ya kuamshia injini, ili aipime. Ilikuwa imejaa mafuta machafu, hivyo akachovya kitambaa kwenye petroli akaifuta yote. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, kopo langu mkononi, na nilimwona akiifuta nukta yangu bila hata kujua kwamba anaifuta. Rangi ilikuwa haijakomaa, ikaondoka na uchafu. Akaiunganisha na betri pale chini, ikazunguka vizuri kabisa. Baba akaja, akainama, akaigeuza huku na huku. Uso wake ukabadilika. "Nukta iko wapi?" aliuliza, na majirani waliokuwa wamerudi kutazama wakasogea karibu. "Hii siyo stata yangu, Kondo."

"Shemeji, nimeisafisha kwa petroli, imefutika," mjomba alisema.

"Zote zipo, imefutika hii tu? Nani alikuona?"

Mjomba aligeuza macho polepole, yakapita kwa mama, kwa majirani, yakanifikia mimi, yakasimama kidogo, kisha yakaendelea. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: mimi nilimwona. Hayakutoka. Nilimwogopa baba, hilo ni kweli, lakini kuna jambo baya zaidi ambalo ilinichukua miaka kulikubali. Baada ya siku tatu za kupaka alama nilikuwa nimeanza kuona kama baba anavyoona. Nilijiuliza kama kweli ile ndiyo stata niliyoitia nukta, kama mikono ile yenye grisi haikupitisha kitu wakati nimepepesa macho. Nikaanza kuyatilia shaka macho yangu mwenyewe kuliko maneno ya baba.

Aliyezungumza alikuwa mama. "Kama ndugu yangu mwizi, na mimi dada wa mwizi," alimwambia baba bila kupaza sauti, "na uwanja huu uliosimama juu yake ni wa ukoo wetu, ukoo wa wezi. Kalale kwenu." Baba, ambaye kweli alikuwa amejenga kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe kama Waluguru wengi, aliiweka stata chini. Majirani wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na habari yake. Mjomba alikusanya spana zake, akazifunga kwenye gunia, akaomba kitu kimoja tu, apewe mpaka kesho asubuhi.

Alikuja Jumapili mapema, amebeba waya mmoja mrefu. Akafunga ncha moja kwenye hasi ya betri, na nyingine akaibana moja kwa moja kwenye chuma cha injini, akamwomba mama azungushe ufunguo. Injini iliwaka mara moja. Kuku wote walikimbia. Mjomba akaizima, akapenyeza mkono nyuma kule, akafungua kile alichokuwa amekifunga kwa kupapasa, na akatoa kichwa cha waya mnene. Kilikuwa buluu tupu. Akatueleza kwa utulivu kwamba ule waya ndio unaourudisha umeme kutoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, na kwamba rangi haipitishi umeme. Stata ilikosa njia, ndiyo maana umeme ukajaribu kupita kwenye waya wa akseleta ukauchoma. Baba alinitazama, mimi nikatazama miguu yangu. "Kumbe rangi," baba alisema. Mjomba akasugua chuma upya, akafunga, akaliacha gari linanguruma, akaondoka bila kunywa chai.

Kuhusu stata hakuna aliyesema neno. Pikapu iliwaka na kabichi zikafika sokoni, lakini watu waliokuwa uwanjani Jumamosi hawakuwapo Jumapili, na habari ya wizi ilikuwa imeshafika Mzumbe kabla ya sisi kumaliza kifungua kinywa. Watu wa Mlali hawakupeleka tena magari kwa Mjomba Kondo. Nilipoolewa, siku ambayo kwa desturi yetu mjomba ndiye anayeulizwa kwanza, alituma ridhaa yake kwa mtu mwingine. Baba alifariki akiendelea kusema, kila stata ile ilipokohoa, kwamba ya kwake ilikuwa imara zaidi.

Sasa naishi karibu na Mazimbu, nina gari dogo, na watu hawapaki tena nukta. Tunapiga picha kwa simu. Kabla sijamkabidhi fundi funguo napiga betri, matairi, hata tairi la akiba, na fundi ananitazama napiga, naye hashangai, amezoea kushukiwa kama alivyozoea jua. Zamani angalau ilikuwapo aibu. Baba alininong'oneza pembeni. Mimi napiga mbele ya mtu, tena namwomba asogee kidogo asiweke kivuli.

Mwaka jana nilikwenda kumwamkia mjomba. Amezeeka, gereji aliifunga siku nyingi, anauza vipuri vidogo vidogo barazani kwake. Baada ya shikamoo na habari za mama nikamwambia nilichokibeba tangu utotoni, kwamba nilimwona akiifuta ile nukta na sikusema. Nililia, sitaficha. Aliniacha nimalize.

"Nilijua umeniona," alisema. "Ulikuwa karibu pale na kopo lako."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja, maana angenitaja tu jina lake lingepona.

"Ningekutaja, baba yako angekuuliza mbele ya watu," alinijibu. "Na wewe ungesema hukuona. Hapo ningekuwa nimekukosa na wewe, mwanangu."

Sikumbishia, kwa sababu ndivyo ningesema.