Firigisi ya shemeji na jarida langu

Wapendwa, leo nimemkatakatia shemeji firigisi. Mko wazima huko Bungoma? Sisi hapa Kitale Mungu anatulinda.

Mnajua lile jarida langu la mapishi na safari. Nikilisoma, najiona niko nchi za watu nakula vitu sijui hata majina.

Leo nikapika kuku vile limesema, firigisi, ile kwetu huachiwa mwanamume ikiwa nzima, nikaikatakata ndani ya mchuzi.

Kumbe shemeji, kaka mkubwa wa mzee wangu, yuko njiani kutoka Kabuchai.

Akafika, akakaa mezani, akapekua sahani. "Mama Nekesa, firigisi ya mwanamume iko wapi?"

Nikamwonyesha picha kwa jarida.

Akavaa miwani, akasoma kurasa tatu. Akamaliza mchuzi wote. Halafu akaondoka na jarida langu, bila kuaga.

Sasa huyo amekasirika ama amefurahi? Nijibuni upesi, mzee wangu anarudi jioni na ataniuliza.