Mgongo Ulioonekana Bustanini

Hoteli ya kwanza Guangzhou, China, walitazama rangi zetu wakasema "meiyou", yaani vyumba hakuna, na funguo zimening'inia ukutani pale pale! Mjomba akakaa sakafuni mbele ya mapokezi. Sisi wafanyabiashara wenzake kutoka Dar tukakaa naye tangu asubuhi. Alasiri wakatupa vyumba. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nina miaka ishirini na miwili, na nilijisikia fahari mpaka machozi yakanilenga. Kumbe watu weusi tukigoma pamoja tunasikika!

Nililala chumba kimoja na kijana mwenzangu wa Kariakoo. Nilimpenda. Hakuna aliyeshuku, maana kulala wawili kitanda kimoja ilikuwa kawaida yetu ya kubana matumizi.

Kontena tulichangia wote. Kila mtu alikuwa na alama yake kwenye maboksi, na mimi ndiye niliyezipaka zote, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Siku ya kupakia, kontena likisubiriwa bandarini Huangpu, mmoja wetu akasema pale ghalani kwamba amemwona mwenzangu bustanini kamkumbatia mwanamume. Huyo mwanamume alimwona mgongo tu.

Mgongo ule ulikuwa wangu.

"Nani yule?" mjomba akamwuliza mwenzangu.

"Mpita njia, mzee. Simjui."

Hata kunitupia jicho hakunitupia.

Wakakubaliana mzigo wake usipande. Mjomba akanikabidhi brashi na kopo la rangi nyeusi. "Futa alama yake."

Loh! Niliogopa, wallahi. Kwenye lundo lile kulikuwa na mzigo wangu wa kwanza maishani, na mama alikuwa akiusubiri Dar. Halafu nikautazama uso wa mjomba, nikamwona ndani yake yule karani wa hoteli aliyetuambia "meiyou". Hasira zikanipanda. Nikaweka brashi chini, nikakaa sakafuni mbele ya maboksi ya mwenzangu.

"Inuka bwana, tunachelewa."

"Siinuki, mjomba. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Huyu anakuhusu nini?"

"Mgongo aliouona ni wangu."

Mwenzangu akainamisha kichwa. Mjomba akaiokota brashi mwenyewe, akaanza kufuta alama kwenye maboksi yangu.