Kukosekana kwa Mama Masjala

Katika ofisi ya viwanja, mara moja kwa mwaka, kila chumba kilitakiwa kuandika hatari zake. Si hatari za nyumbani, za jiko kuachwa linawaka na shemeji aliyekuja kwa siku mbili akakaa miezi miwili. Hatari za kazi: jambo gani likitokea, wananchi watakosa huduma? Fomu ilitoka makao makuu ikiwa na visanduku, na kila hatari ilipakwa rangi. Nyekundu ni kubwa, njano ni ya katikati, kijani ni ndogo. Na kila mwaka karani wa mapokezi, ambaye waliomzoea walimwita Bwana Muhuri kwa sababu muhuri haukumtoka mkononi hata akienda kunawa, alizijaza zote yeye peke yake, zote njano.

"Nyekundu inaleta wageni," alisema, "kijani inaleta maswali. Njano haina mdomo."

Mwaka huo wageni walikuja hata hivyo. Alikuja mmoja, kijana mwembamba, viatu vyake havitoi sauti. Alikuwa mratibu wa mambo hayo ya hatari kutoka makao makuu. Kabla hajamaliza kusalimia alikwishapata jina: Bwana Hatari. Akaweka fomu ya ofisi mezani, kidole kikashuka mpaka mstari wa nne.

"Hapa mmeandika, lifti kukwama na kujeruhi wateja. Naomba kuiona hiyo lifti."

Bwana Muhuri akatazama dari. Jengo lile halikuwa na ghorofa. Lilikuwa na vyumba saba vilivyopangana kama meno, na ngazi mbili tu za kupandia barazani.

"Lifti… kwa sasa haipo."

"Basi inakwamaje?"

Mama Masjala, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili kifuani, alicheka mpaka faili likamteremka. "Inakwama tangu mwaka juzi, mwanangu! Ndiyo maana hujaiona!"

Ukweli ulitoka pole pole, kama jino bovu. Fomu ya kwanza kabisa Bwana Muhuri aliinakili kutoka ofisi nyingine yenye ghorofa tano, na tangu hapo alikuwa akinakili ya mwaka uliopita. Ofisi nzima ililindwa dhidi ya lifti. Bwana Hatari hakugomba. Alikunja ile fomu, akaitia mfukoni, akasema ataanza upya kwa swali moja, na atamuuliza kila mtu mezani kwake: "Usipokuja kazini kesho, nini kitasimama?"

Dereva alisema gari. Mpima viwanja alisema hakuna, watu watangoja, wamezoea. Zamu ikafika masjala.

Masjala ni chumba cha mafaili, na mama huyu alikuwa nacho kwa miaka kumi na tisa. Mfupi wa kimo, mrefu wa ulimi, shule aliishia ya msingi na hakuona kama kuna kilichobaki huko. Mafaili yalikuwa elfu moja mia nne na kidogo. Ukimtajia jina la mwenye kiwanja, alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kabla hujafunga mdomo. Watu walileta wageni kumtazama akifanya hivyo.

"Mimi nisipokuja?" alisema. "Kila kitu kinasimama, baba. Hata huyo mkuu wetu anasimama, tena kwa mguu mmoja."

Bwana Hatari akaandika. Aliandika sana. Mama Masjala akamwona anachukua kalamu nyekundu, moyo ukamjaa. Jioni alimpigia simu binti yake, aliyeolewa mbali, safari ya siku nzima: "Wameniandika kwenye daftari la serikali, tena kwa rangi yake peke yake!"

"Vizuri, mama. Lakini unakuja?"

"Nakuja. Likizo imeshaombwa. Wiki tatu hizi, kabla mtoto hajageuka, nipo mlangoni."

Alilisema hilo kwa haraka, kama mtu anayeruka moto. Mimba ya kwanza ya binti huyo haikufika mwisho, na mama mtu alifika siku ya tatu, mambo yamekwisha, kwa sababu ofisi ilikuwa na kesi mahakamani na mafaili yalitakiwa. Binti hakuwahi kumlaumu. Angelaumu, ingekuwa afadhali.

Siku mbili baadaye mkuu wa ofisi alimwita. Mbele yake kulikuwa na daftari jipya la hatari, limefunguliwa ukurasa wa kwanza. Hatari namba moja, nyekundu, tena peke yake katika wekundu huo: kukosekana kwa mtunza masjala.

"Mama, likizo yako nimeisimamisha," alisema mkuu. "Si mimi, ni utaratibu. Hatari nyekundu ikiandikwa, siwezi kuiruhusu itokee huku naiona. Nitajieleza vipi?"

"Mkuu, binti yangu anajifungua."

"Nakuelewa. Ipunguzwe rangi kwanza."

Mama Masjala alitoka mle ofisini haoni mbele. Alimkuta Bwana Hatari barazani anakunywa maji, akamsimamia kichwani.

"Wewe mtoto! Mimi nina pembe? Nimemng'ata nani humu ndani mpaka uniandike hatari? Nimekupa jibu la heshima, ukaligeuza kamba ya kunifungia!"

"Mama yangu, sikuandika wewe ni hatari. Niliandika kukosekana kwako."

"Tofauti iko wapi? Nikikosekana, anayekosekana si mimi?"

Bwana Hatari aliweka maji chini. Lile swali lilimgusa, ilionekana. "Kwa kweli sijui," alisema. "Lakini kuna kitu kinaninyima raha tangu juzi. Unayapataje? Namba za mafaili hazifuatani. Nimetazama. Namba tisa imekaa karibu na mia saba."

Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu. Miaka kumi na tisa walimshangaa, hakuna aliyeuliza. Hasira yake ikayumba kidogo, hamu ya kujisikia anaeleza ikaishika mkono.

"Njoo," alisema.

Alimwingiza kati ya rafu. Akagonga ubao kwa kifundo cha kidole. "Mwaka wangu wa kwanza paa lilivuja. Tuliyaanika mafaili yote uani kama nguo. Kuyarudisha, nikajiuliza, namba zinamsaidia nani? Tazama. Hawa wawili wanagombea mpaka. Akija huyu leo, kesho atakuja yule. Kwa hiyo nimewaweka pamoja, wagombane humu, nisitembee mara mbili. Rafu hii yote ni wagomvi."

"Na hii ya mlangoni?"

"Wajane. Wanakuja kwa miguu, wanangoja wamesimama. Sitaki wangoje. Kule juu ni warithi, mwenye mali amekufa na watoto hawajapatana. Hao ni wa kupanda kiti, na wakinitazama ninavyopanda wanapunguza sauti. Chini kabisa, wapole. Mpole huja mara moja maishani, anashukuru, anaondoka."

"Na hiki kisehemu cha pembeni?"

"Hao ni walioambiwa waje kesho," alisema, na sauti ikashuka. "Kuna wa miaka sita."

Bwana Hatari alikaa kwenye kigoda akasahau daftari lake. Aliuliza mpaka saa ya kula ikapita. Mgomvi akiuza kiwanja, anayenunua anawekwa wapi? Ndugu wakigawana? Mwishoni akasema, "Mama, nilifikiri nitawaambia wayapange kwa namba. Nisingeweza. Huu mpangilio una akili kuliko fomu yangu. Shida yake ni moja tu: unaishi kichwani mwako. Ukitoka nje ya mlango, umeondoka nao."

Wakakubaliana hivi, na mkuu akaridhia. Mama Masjala atauweka mpangilio kwenye daftari, namba ya kila faili na rafu yake, na Bwana Muhuri ndiye atakayejifunza. Halafu kutakuwa na jaribio: mama atakaa barazani bila kusema neno, watu watataja mafaili kumi, Bwana Muhuri atayatafuta. Akipata nane, rangi inashuka na likizo inatoka. Siku zilizobaki kabla ya safari: kumi na moja.

Waliandika siku saba. Yeye anavuta faili, anataja. Bwana Muhuri anaandika na kulalamika.

"Dada, huyu mgomvi ni mgomvi kweli? Namfahamu, mpole sana."

"Mpole kwako, humdai njia. Andika."

Siku ya nane ikawa ya jaribio. Mama Masjala alikaa kwenye benchi barazani, mikono mapajani, mdomo umebanwa. Dirisha la masjala lilikuwa wazi mgongoni kwake. Alimsikia Bwana Muhuri akivuta kiti, akipiga chafya, akimtukana mtu ambaye hayupo. Aligeuka kidogo tu. Aliuona mkono wa karani ukipita juu ya faili lenyewe, ukasita, ukaendelea. Ulimi ulimwasha. Akaumeza.

Alipata matatu kati ya kumi.

Mkuu akatikisa kichwa, akarudi chumbani kwake. Mpima viwanja akasema kwa sauti, ili asikike, "Nilisema mimi. Huyu mama hana mfano. Hata wangeleta watu wanne!"

Ndipo Mama Masjala akajikamata. Alikuwa anatabasamu. Likizo imeota mbawa, binti yake anahesabu siku peke yake, na yeye amekaa kwenye benchi anatabasamu kwa sababu ameshindikana kuigwa. Alishtuka kama mtu aliyekuta mkono wake mwenyewe kwenye mfuko wa jirani. "Hee," alijiambia. "Kumbe na hii imo ndani yangu."

Na kulikuwa na la pili, alilijua. Yale saba yaliyopotea, mengi hayakupotea bure. Wagomvi wakipatana, huwa anawahamisha: anawatoa rafu yao, anawaweka nyuma ya wapole, na faili analifunga uzi mweupe. Wajane waliopata haki yao pia huenda huko huko. Waliopatana walikuwa mia mbili na zaidi. Rafu hiyo hakumwambia Bwana Muhuri. Walipoandika, hao aliwataja kwa kumbukumbu, bila kuvuta faili, pale walipokuwa zamani. Alisahau? Angeulizwa siku ile angesema amesahau. Sasa alijiuliza mwenyewe, na hakuwa na uhakika.

Mficha uchi hazai, na huku kuna anayetaka kuzaa. Akainuka.

Bwana Hatari alikuwa amejiinamia mezani. Mama Masjala akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Kuna rafu sikuitaja."

Akamweleza yote, na la kutabasamu pia, ingawa hilo lilimtoka kwa shida kama mwiba. Alingoja kugombezwa na mtu wa umri wa mtoto wake. Bwana Hatari aliinua kichwa, macho yamemtoka.

"Miaka sita nafanya kazi hii," alisema. "Nimeandika moto, mafuriko, wizi, mitambo kuzima. Hili la mtu kupenda asipatikane mwingine kama yeye, sijawahi kuona mtu akiliandika."

"Nani ataandika? Ningekuwa naliona, si ningekuwa mtume?"

"Nifanye rangi gani?"

"Usiliandike kabisa, nitakuchapa. Mwite Bwana Muhuri."

Siku mbili walirekebisha daftari. Safari hii alimfundisha kweli. Alimwacha avute mwenyewe, akosee, arudishe. Alimwambia na mengine ambayo hayakuwa kwenye mstari wowote: kwamba mzee fulani lazima apewe kiti kabla ya faili, kwamba ndugu fulani wakija pamoja mmoja asubirishwe nje. Bwana Muhuri, bila kuambiwa, aliuweka muhuri wake chini ili ashike kalamu vizuri. Alipofika mwisho aliuliza, "Dada, hivi mimi kiwanja changu umeniweka wapi?"

"Kwa walioambiwa waje kesho," alisema Mama Masjala. "Wewe ndiye uliyejiambia."

Jaribio la pili lilifanyika asubuhi ya siku ya mwisho, begi lake likiwa tayari chini ya benchi. Moja likapatikana. Mawili. Matano. La sita Bwana Muhuri alilichukua bila kufungua daftari, na hapo Mama Masjala alihisi kitu kinamtoka kifuani, hakujua kama ni mzigo au ni mali. Tisa kati ya kumi. Lile la kumi lilikuwa mezani kwa mkuu chini ya gazeti, na wote walikubaliana kutolitaja mpaka mkuu atie sahihi.

Mstari wa kwanza ukapakwa njano. Mkuu alisema kijani ni mapema.

Alifika kwa binti yake jioni ya siku ya pili, miguu imevimba, sauti haijavimba hata kidogo. Alikuta tumbo limeshuka. Alikaa siku nne. Simu aliiweka dirishani, na siku nne hizo ofisi haikupiga. Siku ya tatu aliitazama kama ina chaji. Siku ya nne aliiazima ya mkwewe ajipigie, aone kama inaita.

"Mama," binti alisema kutoka kitandani, "unangoja nani?"

"Simngoji mtu. Natazama."

"Unatazama nini?"

Mama Masjala alifikiri. Alitaka kujua wale wagomvi wa mpaka wa mtoni wamekuja au hawakuja, na wamekaa upande gani, na Bwana Muhuri alimpa nani kiti kwanza. Alitaka kujua sana. Lakini binti alishika ghafla ukingo wa kitanda, uso ukabadilika, na mama mtu akaiacha simu pale pale dirishani.

"Nipo," alisema, na kumpa mikono yote miwili. "Nishike. Bana, mwanangu, usiogope kuniumiza. Nipo."