Kuku wa Shangazi Semeni

Mguu huu mnaouona umepinda, kila anayeniuliza humwambia nilianguka kutoka kwenye dungu, na wala si uongo, nilianguka kweli, ila hiyo ni nusu tu ya habari, na nusu ya pili nimeificha miaka yote kwa aibu, mpaka leo mmenikuta nimechoka kuificha.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, mwaka uliofuata vita vya Maji Maji, askari walishachoma maghala yetu yote hapa bondeni, na mpunga kidogo tuliopata kupanda kando ya mto Lumemo ulikuwa bado kijani, kwa hiyo tulikula mizizi ya porini huku tukiulinda huo mpunga usiliwe na ndege. Nikapanda kwenye dungu (lile jukwaa la miti la kulindia shamba) nikiwa na njaa ya siku mbili, kizunguzungu kikanishika, nikaanguka, na mguu wa kulia ukalia kah! chini ya goti.

Akaitwa shangazi yangu Semeni, dada wa baba, aliyekuwa akiunga mifupa ya watu kuanzia Idete mpaka hapa Ifakara. Akaupapasa mguu, mimi napiga kelele.

"Nyamaza, mwanangu, una bahati," akasema. "Mfupa haujatoboa ngozi. Ukitoboa ngozi huoza, na mtu hufa. Huu umekatika tu, utashika, lakini usiukanyage mpaka uote fundo."

Akaunyoosha (nilimtukana, Mungu anisamehe), akaufunga vibanzi vya mwanzi, kisha akafanya kama wafanyavyo waunga mifupa wa kwetu: akamvunja kuku mguu, naye akamfunga vibanzi. Kuku akitembea vizuri, ndipo mgonjwa hufunguliwa. Na kuku mwenyewe, tetea mwekundu, alikuwa wa mwisho katika banda la shangazi.

Siku ya tisa nikamla.

Mke wangu Tabu alikuwa ameenda kuchimba mizizi, mimi nimelala, kuku amelala, tunatazamana, nikajiambia kwamba kuku mwenye mguu mbovu si kuku mzima, hata akikosekana nani atamkumbuka. Nikamchinja nimelala vilevile kwa ubavu, nikamchoma, nikamla, mifupa nikaitafuna, hata Tabu sikumbakizia. Aliporudi akaona manyoya, akalia, halafu akaenda kwa mama yake kuazima tetea mwingine mwekundu, waliyekuwa wamemficha kwenye matete askari wasimwone. Tukamfunga vibanzi vya uongo, akavivua, tukamfunga tena, akavivua tena, na shangazi alipotokea ghafla siku ya kumi na mbili, kuku alikuwa anakimbia uani kwa miguu yote miwili.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, na kabla hajaitikia nikaongeza, "kuku wako amepona!"

"Marahaba. Mapema hivi?"

"Tangu juzi anakimbia. Mkono wako huo, shangazi."

Angemshika kuku angejua, lakini alikuwa ametembea tangu alfajiri, amechoka, na mimi ni mtoto wa kaka yake, akaniamini. Majirani walishajaa uani, kwa sababu mwaka ule habari njema ilikuwa adimu kuliko chumvi. Nikafunguliwa, nikasimamishwa, nikapiga hatua moja kwa maringo (maringo ya nini, sijui), na ya pili nikasikia kah! ileile, nikaanguka katikati ya watu, kaniki ikanivuka, nikajikojolea mbele ya mama mkwe, na safari hii mfupa ukatoka nje ya ngozi, mweupe.

Wawili watatu walicheka. Kisha mama mmoja, aliyepoteza wanawe wawili vitani, akamgeukia shangazi.

"Nyie waganga! Mlitupa maji, mkasema risasi hazitaingia. Leo mmeanza na mifupa?"

Wengine wakadakia, kelele zikawa nyingi, mmoja akamtemea mate miguuni. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema, kwamba kuku nilimla, na sikulisema.

Shangazi akamkamata yule kuku, akapitisha vidole kwenye mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akitafuta lile fundo ambalo mfupa uliovunjika huliota ukijiunga. Hakulikuta. Akanitazama, nikafumba macho. Akamweka kuku chini taratibu, akawaambia watu, "Nimekosea. Nimezeeka."

Alikaa kwangu mpaka mpunga ukavunwa, akinikamua usaha na kuniosha kidonda kwa maji ya moto, hakuniuliza kitu. Mguu ukapona mfupi na umepinda, lakini sikufa. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni, akauliza bila kugeuka, "Alikuwa mtamu?"

"Hakuwa na mafuta, shangazi."

Akacheka kidogo, akaenda zake, na mimi nikalia kama mtoto.

Hakuna aliyemwita tena kuunga mfupa. Alikufa watu wakisema mkono wake ulikwisha siku ile uani kwangu, na mazishini nikawasikia wakilisema hilo, nikaendelea kufukia. Kuku sijala tena tangu hapo, lakini hiyo haimsaidii yeye. Kwa hiyo kuanzia leo, atakayeniuliza habari za mguu huu nitamwambia yote mpaka mwisho: Semeni hakukosea, mfupa aliufunga sawasawa. Kuku nilimla mimi.