Kamba Niliyoikata Kabla ya Mwanza

Anayetaka kubisha abishe, lakini kwanza aje Nyamahanga amtazame shemeji yangu machoni, ndipo tuzungumze. Mimi si mlevi. Na usidhani nitakuletea habari za mashetani ya usiku. Ilikuwa saa nne asubuhi, mchana kweupe, na mkono wa injini ya boti nimeushika mwenyewe.

Najua utacheka. Wakulima wa mihogo wa Biharamulo, boti wamezitoa wapi? Tunazo, bwana! Tuko saba kwenye chama chetu cha boti, kila mmoja na boti yake ya mbao na injini ya kupachika. Tunaziweka mwaloni, pale ufukoni wavuvi wanaposhusha samaki, wilaya ya jirani, huko zinabeba mizigo na abiria. Mwenyekiti wetu, mzee Masanja, ndiye aliyetutia hamu. Alisema tumechoka kunusa dagaa, safari hii twende kwa msafara, tuambae na ufuko wa ziwa mpaka Mwanza, tukafunge boti zetu kwenye gati la matajiri na tule pilau kama watu. Tukashona fulana za njano. Haki ya Mungu, tulipendeza.

Chama kina sheria moja ambayo Masanja haitanii. Boti ya mwenzako ikizima, unaivuta. Na kamba ya kuvutana hufunguliwa na anayevutwa, kamwe si anayevuta. Anayevutwa ndiye anayejua kama injini yake imepona. Ukimwachia kabla hajawa tayari, umemtupa. Tuliapa wote, na mimi niliapa kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Shemeji yangu anaitwa Novati. Amemuoa dada yangu Adela. Alikuwa peke yake kwenye boti yake, wa mwisho kabisa kwenye msafara, na mimi mbele yake. Kwenye boti yangu alikuwemo pia Mama Kulwa, mwanachama mwenzetu, kwa sababu ya kwake ilikuwa imetoboka. Siku ya kwanza tulisafiri vizuri, tukalala kisiwani. Siku ya pili tulipokaribia Mwanza, mvua ikanyesha kidogo, kisha ukungu ukashuka juu ya maji. Boti za mbele zikapotea machoni.

Nikasikia Novati anapiga mluzi. Injini yake imezima. Nikageuza, nikamrushia kamba yangu ya bluu, akaifunga mbele ya boti yake. Akacheka, akainua hotipoti jekundu alilopewa na Adela.

"Shemeji, tukifika tunakula. Ndizi na nyama. Nusu ni yako."

"Usije ukamaliza njiani," nikamwambia.

Tukaanza kuvuta. Baada ya nusu saa hivi simu yangu ikaita. Ni Masanja.

"Mko wapi nyie? Tumeshafika wote, mmebaki wewe na Mama Kulwa."

"Na Novati," nikasema. "Injini yake imezima, namvuta."

"Novati gani? Alitupita kwenye ukungu, yuko hapa anakula. Hebu ongea naye."

Nikasikia sauti ya shemeji yangu sikioni. Ni yake, hata kikohozi chake. "Shemeji, fanya haraka bwana, pilau inakwisha."

Nikageuka nyuma. Novati yuko palepale, mwisho wa kamba, fulana imelowa, mikono miwili imekumbatia hotipoti. Mdomo wake umefungwa.

Sasa niambie, wewe ungefanyaje?

Mama Kulwa alikuwa amesikia kila kitu, akanivuta fulana. "Kata," akasema. "Kata kaka, kata!"

Nikapata wazo. Nikamuuliza yule wa nyuma kwa sauti: "Siku ulipoleta mahari, ng'ombe yupi alituponyoka?"

"Yule mweusi aliyevunjika pembe," akajibu mara moja. "Tulimkimbiza mpaka Kaniha, ukararua suruali. Kuna nini, shemeji?"

Ni kweli kabisa. Nikamuuliza wa kwenye simu swali hilohilo. Akacheka. "Mambo ya ng'ombe saa hizi? Njoo bwana."

Ningepaswa kujua hapo hapo, au siyo? Lakini kule kulikuwa na watu wengi wanamwona, anakula nao. Huku tulikuwa wawili tu, ukungu pande zote, na mama wa watu ananililia. Nikachomoa kisu.

Akakiona. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi subiri nifungue mwenyewe. Si ndiyo sheria yetu?"

Nilikata. Mungu anisamehe, nilikata. Alikuwa bado anainama kulishika fundo wakati ukungu unamfunika. Niligeuza boti baadaye, nikazunguka na kuita mpaka mafuta yakakaribia kuisha. Hapakuwa na kitu.

Gatini nikamkuta Novati. Fulana kavu, mzima, boti yake imefungwa vizuri. Akanikumbatia. Nikalitafuta kwa macho lile hotipoti, halikuwepo.

Tuliporudi nyumbani, swali la kwanza la Adela lilikuwa hilo. "Hotipoti langu liko wapi?"

"Hotipoti gani?" akauliza mumewe.

Sina ubaya wa kumsema mtu huyo. Halewi tena, hagombi, anaamka kulima kabla ya jogoo. Nimempeleka kanisani akaombewa, nikampeleka kwa mganga, wote wameona mtu mwenye afya. Lakini dada yangu alinijia akilia. "Kaka, ananipenda kuliko zamani. Hilo ndilo linaloniogopesha. Uliniletea nani?"

Nikamwambia ni uchovu wa safari.

Wiki ya pili wavuvi wakanipigia niende mwaloni. Wavu wao umeleta hotipoti jekundu, limezungushiwa kamba ya bluu waliyoijua ni yangu. Ncha moja imekatwa kwa kisu. Ncha ya pili, ile ya fundo, ilikuwa imefunguliwa kwa mkono, taratibu, haikuwa na hata mchubuko.

Nikalibeba mpaka nyuma ya ghala langu, nikafungua mfuniko. Ndizi zimeoza. Upande mmoja umeliwa ukasafishwa. Upande wa pili umesogezwa vizuri, haujaguswa, kama unavyomwekea mtu anayechelewa.

Wewe unayenisikiliza, ukimvuta mtu, usimkatie kamba hata dunia nzima ikikupigia simu kwamba siye. Mwache afungue mwenyewe. Mimi hotipoti nimelifukia, na Adela bado anauliza. Jana mumewe kapita hapa, kanipa shikamoo ambayo shemeji yangu hakuwahi kunipa, maana tulikuwa rika moja. Akasema mwaka huu twende tena Mwanza, na safari hii yeye atanivuta mimi.