Shati Jeupe la Kununulia Bushi

Mume wangu Maduhu hamwamini mtu. Anamwamini Mungu peke yake, na hata Huyo humwomba huku amefumba jicho moja. Nikimwambia chai ina sukari, anaonja kwanza. Miaka ishirini na saba aliendesha lori la kiwanda cha pamba hapa Mhunze, na siku moja tairi la mbele lilichomoka njiani kwa sababu fundi alisahau kukaza nati. Lori likaishia mtaroni. Tangu hapo aliapa kwamba gari lake haligusi ardhi kabla hajakaza kila nati kwa mkono wake, na hakuna fundi atakayeligusa.

Gari lenyewe ni Pijo 504, tunalo tangu mtoto wetu Ndaki akiwa tumboni, na sasa Ndaki ana watoto wake. Mwaka jana likaanza kugonga mbele, ko-ko-ko, kila kishimo. Maduhu akachungulia uvunguni akasema bushi zimekwisha, zile pete za mpira zinazoshika mikono ya magurudumu. Akaenda Shinyanga kununua mpya, akazifunga mwenyewe uani. Baada ya miezi miwili, ko-ko-ko. Akaenda tena. Miezi miwili mingine, tena!

Safari ya kwanza sikusema kitu. Ya pili nikamwona amevaa shati jeupe, lile la misa ya Pasaka, kalipiga pasi mwenyewe. Ya tatu kanyoa ndevu. Jamani, mtu anavaa shati jeupe kwenda kununua mpira? Nikimuuliza ananijibu, "Mama Ndaki, mambo ya bushi huyajui." Kisha simu yake ikaita yeye akiwa bafuni, nikapokea, sauti ya mwanamke ikasema, "Mzee Maduhu, mzigo wako umefika, njoo." Kabla sijafungua mdomo ikakatika.

Damu ilinichemka. Mzee wa miaka sitini na minne, meno ya kuhesabu, anaitwa "njoo"! Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na woga. Nilimpenda mtu yule, na niliogopa kuachwa uzeeni, nibaki na kuku tu.

Alhamisi nikaaga kwamba naenda Kolandoto kumwona dada yangu. Basi lilipita Kolandoto, sikushuka. Jina la duka nilikuwa nalo, limeandikwa kwenye mfuko wa bushi, kwa hiyo pale Shinyanga nililipata upesi. Nyuma ya meza alisimama mama wa makamo, kajifunga ushungi, mikono imejaa grisi. Wateja walimwita Mwamvua. Sauti ilikuwa ileile. Nikajifanya mteja.

"Natafuta bushi za Pijo."

Akanitazama. "Pijo la wapi, mama? Kama ni lile la Mhunze, bushi zake hizi hapa zinamngoja mwenyewe, na ndizo za mwisho kumuuzia."

Akavuta kopo lililojaa bushi zilizochanika. "Kuna mzee mmoja huko ananirudishia hizi, ananiita tapeli mbele ya wateja. Anakuja na shati jeupe, eti amevaa kabisa kwa ajili ya kwenda kunishtaki polisi, asije akadhaniwa mhuni."

Nilitaka kucheka, nikataka kulia. Kweli wahenga walisema, umdhaniaye ndiye kumbe siye.

"Sasa mbona zinachanika?" nikauliza.

"Anakaza nati gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Likishuka, mpira unabaki umesokotwa siku zote, kama mtu aliyelala shingo imepinda. Hapo utadumu? Nati zifungwe kwa vidole tu, gari lishuke, litikiswe likae sawa, ndipo akaze. Nimemwambia mara tatu. Anasema nataka tairi limchomoke." Akanikazia macho. "Kwani wewe ni nani yake?"

"Jirani," nikasema. Mungu anisamehe.

Maduhu akazifuata bushi zake, na Jumamosi akazifunga. Alizipaka maji ya sabuni, akazisukuma ndani taratibu kwa jiliwa, kile chuma chake cha kubania vitu, kazi safi kabisa. Kisha akaingia uvunguni akanyoosha mkono. "Lete spana."

Nikaikalia. "Shusha gari kwanza."

"Weee! Likichomoka?"

"Hatuendi popote. Linashuka hapahapa, unakaza hapahapa. Bila hivyo spana huipati, labda uninyanyue."

Alinisema hadi majirani wakachungulia. Sikuinuka. Mwishowe akashusha, akalitikisa, akajiburuta uvunguni, akakaza kila nati huku ananuna. Miezi miwili ikapita. Minne. Gari kimya.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe kimya kile ndicho kilichomtia wasiwasi. Asubuhi moja akatoka chumbani na shati jeupe.

"Unaenda wapi?"

"Kolandoto, kwa dada yako. Nikamuulize Alhamisi ile ulifika saa ngapi." Akafunga kifungo cha shingo. "Mambo ya bushi ulikuwa huyajui, Mama Ndaki. Nani alikufundisha? Fundi gani?"

Kumbe mwenzangu naye miezi minne alikuwa halali. Nikamweleza yote: simu, basi, Mwamvua, kopo. "Nilidhani umepata mwanamke," nikasema, machozi yakanitoka. "Nimeona aibu, na twende nikamwombe radhi yule mama. Na wewe umwombe ya kwako."

Akajipapasa kidevu. Halafu akauliza polepole, "Ulidhani mimi? Na meno haya?"

"Ndiyo."

Haki ya nani, alifurahi! Alipiga mluzi njia nzima hadi Shinyanga, akamwomba radhi Mwamvua mbele ya wateja bila hata kusukumwa. Na tangu siku hiyo shati jeupe haliingii kabatini. Analivaa hata akienda kununua kiberiti, na akifika mlangoni anageuka kuona kama ninamtazama. Namtazama.