Gunia Katikati ya Mlima

Kwetu Mau Narok, gunia la viazi likishakaa mgongoni halishuki mpaka lifike kwa lori. Mvua ikinyesha lori haliwezi kuingia shambani, kwa hivyo tunabeba mlima wote hadi barabarani, na anayetua njiani huchekwa mpaka msimu ujao. Mjomba wangu alitua mara moja tu, na hadi leo watu humuuliza kama gunia limepumzika vya kutosha. Sheria hiyo ilikuwa ya baba. Yeye hakuwahi kutua.

Nilianza jiu-jitsu nikiwa na miaka ishirini na sita, huko Nakuru nilikoishi nje ya msimu wa mavuno, katika ukumbi wa kanisa ambapo kila Jumamosi tulisogeza viti na kutandika mikeka. Ni mchezo wa kumwangusha mtu na kumbana hapo chini mpaka akubali. Kukubali ni kugonga mkeka mara mbili kwa kiganja. Ukigonga unaachiliwa papo hapo, mnapeana mikono, mnaanza upya. Mwalimu alitufundisha kugonga kabla ya kitu kingine chochote, nami nikaona anapoteza wakati.

Mwezi wangu wa tatu pale nilipangiwa dada mmoja msusi, nusu ya uzito wangu. Akaunasa mkono wangu wa kulia, akaunyoosha kifuani pake, akatulia.

"Boss, gonga," akaniambia.

Mimi, mbeba viazi, nimgongee msusi? Ng'o. Akarudia. Nikajivuta kwa nguvu zangu zote, na kiwiko kikalia kama ukuni mkavu. Kosa lilikuwa langu peke yangu, lakini aliyelia ni yeye.

Msimu huo sikuvuna. Nilikaa ukingoni mwa shamba, mkono umening'inia shingoni kwa leso, nikimtazama baba akibeba magunia yangu pamoja na yake. Hakunilaumu, na hilo lilinikasirisha zaidi. Jioni nikamwona akishuka ngazi za jikoni kinyumenyume, ameshika ukuta, kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa. Nikamwambia apunguze kubeba. Akasema viazi havijui umri wa mtu. Tangu hapo nikawa na hofu moja tu, kwamba siku moja tutamtoa chini ya gunia akiwa maiti.

Nikarudi mkekani. Mwaka wa kwanza niligonga huku nimeuma meno. Kufika wa tatu nilikuwa nagonga bila kufikiria, na yule msusi ndiye aliyenigongesha kuliko wote. Siku nilipopewa mkanda wa bluu, yeye ndiye aliyenikazia kiunoni. Sitadai kwamba nilikuwa nimekuwa mtu mwema. Nilikuwa tu nimezoea kushindwa Jumamosi na kula chapati zangu Jumapili bila kinyongo. Kila nilipoenda nyumbani nilimwomba baba apunguze, na kila mara viazi havikujua umri.

Mwaka jana tulivuna kwenye matope. Nilikuwa mbele, baba nyuma yangu. Katikati ya mlima kile kiwiko kikaanza kuuma, yale maumivu ninayoyajua. Kiganja changu cha kushoto kikapiga paja mara mbili, mazoea tu, kisha nikapiga goti na kulitua gunia pale pale matopeni. Wabebaji wenzangu wakaanza mara moja, eti mji umenilainisha, eti niletewe chai na kiti. Nilikuwa namngoja baba, na nilikuwa naona aibu kama mtoto aliyemwaga maziwa.

Akafika, akasimama kando yangu, gunia lingali mgongoni. Akanitazama, akalitazama na gunia langu pale chini. Hakucheka.

"Kumbe mtu anaweza kutua," akasema.

Nikamshikia lake, tukalishusha kando ya langu, akalikalia. Alikuwa na miaka sitini na tisa.